Uliza Kwanza Kama Mtakula Meza Moja

Kijana anayejiandaa kwenda Malta kusoma Kiingereza aliniuliza juzi kama ni bora apange chumba chake mwenyewe au akae na familia mwenyeji. Nilimjibu kwamba akae na familia, lakini nikamsihi jambo moja: kabla hajalipa hata senti, aiulize shule kama familia hiyo hula chakula cha jioni pamoja na mwanafunzi wake. Ukubwa wa chumba, umbali wa kituo cha basi na kasi ya intaneti ni mambo yanayovumilika.

Nasema hivyo kwa sababu nami nilisoma Malta na niliishi katika nyumba mbili za familia wenyeji. Katika ile ya kwanza tulikuwa wanafunzi watatu wenye ratiba tofauti, na kila jioni nilikuta chakula changu kimefunikwa jikoni, nikala peke yangu, nikaosha sahani na kupanda chumbani. Kwa wiki mbili Kiingereza changu kilibaki kile nilichotoka nacho sekondari nchini Tanzania, ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa lugha hiyo: niliweza kueleza usanisinuru bila kusita, lakini sikujua namna ya kumwambia mtu kwa adabu kwamba nimeshiba na kwamba chakula kilikuwa kitamu.

Nyumba ya pili ilikuwa katika mji wa Msida, na huko hakuna aliyegusa kijiko mpaka wote tumeketi. Siku ya kwanza nilitafsiri moja kwa moja "nipe chumvi", maneno ambayo kwetu, yakisemwa kwa sauti ya upole, hayamuudhi mtu. Mama mwenye nyumba alinisogezea chumvi, kisha akairudia sentensi yangu polepole katika umbo la swali, kama Waingereza wanavyoomba, na hakuendelea na mazungumzo mpaka nami nilipoisema hivyo. Darasani tulikuwa tumeipitia kanuni hiyo, lakini ilinikaa kichwani pale mezani.

Wapo wanaosema kwamba Malta si mahali pa kujifunzia kwa kuwa wenyeji huzungumza Kimalta majumbani mwao. Ni kweli kwamba huzungumza Kimalta, ingawa Kiingereza nacho ni lugha rasmi ya nchi hiyo, lakini hoja yao hainishawishi. Asubuhi moja mama yule alikuwa akihesabu mayai kwa lugha yake, na alipofika "sitta" na "sebgħa" niligeuka kwa mshangao, kwa maana ni sita na saba zetu, zilizotoka katika Kiarabu kama za kwao. Tulikaa jikoni karibu nusu saa tukilinganisha maneno, na lugha pekee ya kuelewana ilikuwa Kiingereza, ambacho yeye naye alikuwa amejifunza na kwa hiyo alijua mahali ambapo mgeni hukwama.

Meza hiyo huondoa pia manung'uniko. Baba mwenye nyumba aliponiomba nisikae sana bafuni, nilijiona mzigo, hadi jioni nilipomuuliza sababu. Alinieleza kwamba Malta haina mto wa kudumu hata mmoja, na kwamba sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka baharini na kuondolewa chumvi kwa mitambo inayotumia umeme mwingi. Tangu siku hiyo nilioga kwa muda mfupi bila kinyongo.

Familia hizi hulipwa, nami sioni ubaya wowote katika hilo, ila malipo hayo yanampa mwanafunzi haki ya kuuliza mapema na kuomba kuhamishwa akiona mambo hayaendi. Mimi nilihamishwa siku 3 tu baada ya kuomba. Wiki zile mbili za mwanzo nilizipoteza kwa sababu niliona haya kusema kwamba ninalishwa vizuri lakini sizungumzi na mtu.