Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa unga wa miji yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Njombe na Rukwa ilikuwa karibu nusu, na Iringa ilifika karibu asilimia 57. Kila takwimu hizi zinapotoka, lawama humwangukia mama: chakula anacho, kulisha hajui. Yapo ya kweli hapo, kwa maana elimu ya lishe haijamfikia kila mtu. Ila jungu hilo lilianza kuharibika shambani kabla halijainjikwa.

Chukua vocha za ruzuku za mwaka 2008 hadi 2014. Kaya iliyochaguliwa kulima ekari moja ya mahindi ilipata mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, au mbolea ya Minjingu badala yake, mfuko mmoja wa urea na kilo 10 za mbegu ya mahindi. Maharage hayakuwemo, hata kibaba. Kwa hiyo ardhi nzuri, mbolea na nguvu za familia vilifuata vocha ilikoelekea. Maharage yakabaki pembezoni, au yakachomekwa chini ya mahindi ya mbegu chotara yaliyopandwa kwa sentimita 75 kwa 30, yaani karibu mashina 18,000 kwa ekari. Chini ya kivuli hicho huota majani, maganda ni ya kuhesabu.

Hili si dogo kwa mtoto. Protini ya mahindi ni pungufu ya lisini, kijenzi cha protini kinachohitajika ili mtoto akue, na maharage ndiyo yenye lisini ya kutosha. Ukikoboa sembe unaondoa pia kiini, sehemu yenye mafuta na protini bora ya punje. Mtoto anayekunywa uji wa sembe mtupu hushiba bila kurefuka.

Wapo wanaosema mavuno kwanza, na hoja yao haipuuzwi. Mkulima anayepata magunia matano kwa ekari hathubutu kuachia maharage ardhi. Akifika kumi na tano ndipo anapata nafasi na fedha za kununua vingine. Wanaongeza kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa takwimu za Indonesia, Kenya, Ethiopia na Malawi, ulionyesha kuwa ukaribu wa soko mara nyingi huboresha mlo kuliko kurundika mazao mengi shambani. Kwa kaya iliyo karibu na soko la Mafinga, sawa. Kwa kijiji ambacho barabara yake hukatika kifuku kizima, soko hilo halipo kwa miezi ileile ambayo mtoto analihitaji. Halafu fedha ya mahindi huja mara moja kwa mwaka, na aghalabu si mama anayeishika.

Tena si lazima kuchagua moja. Magharibi mwa Kenya wakulima walipewa mpangilio unaoitwa MBILI: mistari miwili ya mahindi huachana kwa sentimita 50, kisha huachwa uwazi wa mita moja, na ndani yake hupandwa mistari miwili ya mikunde. Idadi ya mashina ya mahindi haipungui hata moja, lakini jua linafika chini. Kosa la kawaida ni kupunguza uwazi ule ili kuongeza mstari wa mahindi. Hapo unarudi kwenye kivuli.

Jambo la pili ni muda wa mama. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kula mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4. Palizi la Januari na Februari huangukia humohumo. Uji hupikwa alfajiri, mwepesi ili mtoto aumeze, na hubaki kwa dada wa mtoto, naye mwenyewe bado mdogo, hadi jioni. Uji wa namna hiyo ni maji zaidi ya chakula. Kimea husaidia: ulezi hulowekwa usiku kucha, huachwa uote siku mbili tatu, huanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja kwenye uji mzito hulainisha bila kuongeza maji. Ukikitia uji ukiwa unachemka, nguvu yake ya kulainisha hufa. Usubiri upoe kidogo, ukishalainika uurudishe motoni uchemke. Lakini hata kimea hakimrudishi mama nyumbani saa sita mchana. Mpango wa lishe wa Iringa wa miaka ya 1980, uliosaidiwa na UNICEF na WHO, ulishaona hilo, ndiyo maana uliweka vituo vya kulelea watoto vijijini. Jembe la palizi la kukokotwa na ng'ombe nalo ni suala la lishe, ingawa huandikwa kwenye bajeti ya zana.

Kuhara na maji machafu pia hudumaza, na hakuna maharage yanayotibu hilo.

Ila maharage yenyewe mara nyingi hayafiki kwenye sufuria. Huuzwa wiki ya mavuno kwa kuogopa bungua, kisha kaya hiyohiyo huyanunua Januari kwa bei ya juu. Mfuko wa tabaka tatu, mbili za ndani za nailoni na moja ya nje iliyofumwa, humaliza bungua bila dawa: oksijeni ya ndani huisha na wadudu hufa. Kila tabaka hufungwa peke yake, na maharage yawe yamekauka sawasawa. Yakiwa na unyevu, yataota ukungu humo humo.