Tuliwahesabu 17, tukafunga daftari

Huku Kumamoto kuna muuguzi wa manispaa ambaye ananiudhi na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Kila Septemba, mwezi ambao Japani nzima hufanya mazoezi ya maafa kukumbuka tetemeko la Tokyo la tarehe 1 Septemba 1923, anatukusanya watu wa mtaa kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi na kuanza maswali yake. Unatumia dawa gani? Zimebaki za wiki ngapi? Cheti cha dawa unakiweka wapi? Usiku unaamka mara ngapi kwenda chooni? Anauliza mbele ya majirani, na mimi niliyelelewa Bukoba ninaona haya kutaja mambo ya choo mbele ya watu wazima. Mwaka huu alikuja na daktari wa meno. Daktari wa meno, kwenye mazoezi ya tetemeko! Wakamkalisha bibi mmoja mwenye umri wa karibu miaka tisini, wakamwomba atoe meno ya bandia, wakatuonyesha jinsi ya kuyasafisha kwa kikombe kimoja cha maji na kitambaa. Sababu yake ni kwamba mzee akilala siku nyingi bila kusafisha kinywa, mate yenye uchafu huteremka kwenye mapafu na kumletea nimonia. Wengi, alisema, wamekufa hivyo wakiwa tayari wameokolewa.

Niliondoka pale na hasira, lakini si kwa yule muuguzi. Nilikuwa namfikiria shangazi yangu.

Mwaka 2016 tetemeko lilinipata mara mbili. La kwanza lilikuwa hapahapa, usiku wa tarehe 14 Aprili, na lile kubwa zaidi likafuata usiku wa kuamkia tarehe 16, saa saba na ushei, lenye ukubwa wa 7.3 kwa kipimo cha Wajapani. La pili lilikuwa kwetu Kagera, Jumamosi tarehe 10 Septemba, saa tisa na nusu alasiri, lenye ukubwa wa 5.9, na chanzo chake upande wa Missenyi karibu na mpaka wa Uganda. Siku ile nilikuwa nimeshikilia simu huku, napiga kwa kila niliyekuwa na namba yake. Mliokuwa Hamugembe, Kashozi, Minziro, hamhitaji mimi kuwasimulia. Leo nina jambo moja tu.

Bukoba tulitangaziwa kwamba wamekufa watu 17. Siku iliyofuata tetemeko miili ikaagwa uwanja wa Kaitaba, viongozi wakaja, tukalia, tukazika. Hesabu ikafungwa pale. Kumamoto waliokufa kwa kuangukiwa na nyumba na kwa maporomoko ya ardhi walikuwa 50. Lakini ukimuuliza mtu wa hapa leo tetemeko lile liliua wangapi, atakujibu zaidi ya 270. Hao zaidi ya 200 walikufa baadaye: wiki moja, mwezi mmoja, wengine miezi mingi baada ya ardhi kutulia. Walikufa kwa moyo, kwa mapafu, kwa kiharusi, kwa damu kuganda miguuni. Wengi wao ni wazee wa miaka 70 kwenda juu. Na kila mmoja wao ana faili.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Familia inapeleka maombi manispaa. Inakaa kamati yenye madaktari na wanasheria, inauliza: huyu marehemu alilala wapi baada ya tetemeko? Alihamishwa mara ngapi? Dawa zake zilikatika? Hospitali yake ilifungwa? Wakiridhika kwamba bila tetemeko asingekufa, anaandikwa kuwa ameuawa na tetemeko, na familia yake inapewa mkono wa pole kwa mujibu wa sheria ya 1973: yeni milioni 5 kama alikuwa mlezi wa familia, milioni 2 na nusu kama hakuwa. Fedha ni jambo zuri, lakini ninachokionea wivu ni yale maswali. Ukiyauliza kwa watu 200 unajua tetemeko lijalo utaanzia wapi.

Ndivyo walivyojifunza. Tetemeko la Kobe la 1995 liliua watu 6,434, na wapatao 900 kati yao ni hawa wa baadaye. Walipochambua faili waliona nimonia kwa wazee waliolala kwenye sakafu baridi za shule. Kwa hiyo leo kuna madaktari wa meno wanaozunguka kambini, na vitanda vya maboksi ili mzee asilale chini. Hapa Kumamoto maelfu ya watu waliogopa kurudi ndani wakalala kwenye magari yao wiki nzima na zaidi, miguu imekunjwa. Damu ikaganda, na kuna aliyekufa. Wauguzi wakapita gari kwa gari, usiku, wakigonga vioo, wakigawa soksi za kubana na kuwaambia watu washuke watembee na wanywe maji. Kunywa maji lilikuwa jambo gumu, hasa kwa kina mama, kwa sababu vyoo vilikuwa vichache na vichafu, na mtu anayeogopa choo hanywi maji. Sasa mnaelewa kwa nini muuguzi wetu anauliza mambo ya choo.

Nirudi kwa shangazi. Nyumba yake ilipasuka ukuta wa nyuma lakini haikuanguka, kwa hiyo hakuwa kwenye orodha ya kwanza ya walioharibikiwa. Ardhi iliendelea kutikisika kidogo kidogo, akakataa kulala ndani, akahamia kwenye turubai katikati ya kibanja, chini ya migomba. Dawa zake za presha zilibaki kabatini kwenye chumba kilichopasuka, na hakuna aliyethubutu kuingia. Zilipokatika alikwenda zahanati, akarudi na vidonge vya maumivu. Mvua za vuli zikaja, turubai likawa linaloa kutoka chini, maana maji yalikuwa yanatambaa ardhini na mkeka ukawa hauanikiki. Akaanza kukohoa. Senene walipoanza kuruka alikuwa hawezi tena kukaa. Tulimzika Novemba, na msibani kila mtu alisema ni kifua.

Si kifua, waitu. Ni tetemeko. Lakini hakuna karatasi hata moja nchini inayosema hivyo. Alifia nyumbani, akazikwa kibanjani, cheti cha kifo hakikufuatwa. Na hakuwa peke yake. Kijijini kwetu pekee ninawajua wengine, mzee mmoja na kichanga kimoja, waliofuata njia ileile ya turubai na mvua. Nyumba zilizoanguka kabisa mkoani zilikuwa zaidi ya 2,000, na zilizopasuka zilikuwa nyingi kuliko hizo. Fikirieni ni watu wangapi walilala nje vuli ile nzima, wangapi walikuwa wa presha, wa sukari, wa dozi ya TB, wa ARV, na kadi ya kliniki iko chini ya kifusi. Na mwaka wenyewe kipindupindu kilikuwa kimetapakaa mikoa mingi tangu Agosti 2015, huku vyoo vya shimo vimebomoka. Tulihesabu mabati, mifuko ya saruji, mablanketi. Wagonjwa wa turubai hatukuwahesabu.

Sasa najua mtakachosema, kwa sababu nimeshaambiwa na ndugu zangu mwenyewe.

La kwanza: umekaa kwa Wajapani umetusahau, umekuja kutufundisha. Hapana. Huku nako kuna mambo yanayoniumiza roho. Tetemeko la Noto la tarehe 1 Januari 2024, pamoja na madaktari wa meno wote na vitanda vyote vya maboksi, wazee walilala tena kwenye sakafu baridi, maji ya bomba yakakosekana kwa miezi, na waliokufa baadaye sasa wamewapita waliokufa siku yenyewe. Sheria ipo, mazoezi yapo, na bado walichelewa. Na kuna jambo jingine ambalo Mswahili yeyote akiliona hawezi kulizoea: wazee waliopewa nyumba za muda walikuwa wanakufa humo ndani peke yao, na majirani wanajua baada ya siku kadhaa. Shangazi yangu hakulala usiku hata mmoja peke yake chini ya lile turubai. Majirani walileta uji asubuhi, jioni ndizi, vijana wakachimba mfereji kuzunguka turubai, wanawake wakapokezana kulala naye, Mkatoliki, Mlutheri na Muislamu. Siku ile ya tetemeko kabla ya gari lolote la serikali kufika, watu walikuwa wanatoana vifusini kwa mikono na kupakiana kwenye bodaboda kwenda hospitali ya mkoa. Ninajivunia watu wetu kiasi kwamba ninaposikia Wajapani wakijadili namna ya kuwafanya majirani wajuane, moyoni nasema njooni Bukoba. Upendo haukutupungukia. Shangazi alikosa mtu mmoja mwenye daftari ambaye angeuliza, mama, dawa zako ziko wapi?

La pili: Japani ni matajiri. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu tumeligeuza kuwa jibu la kila kitu. Daftari ni bei gani? Na msiniambie hatuna watu wala ujuzi. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotokea Maruku na Kanyangereko, palepale Bukoba Vijijini, wahudumu wetu wa afya walifanya nini? Walimtafuta kila aliyemgusa mgonjwa, nyumba kwa nyumba, wakawafuatilia zaidi ya watu 200 kwa siku 21, wakipima joto na kuandika. Waliougua wakaishia 9, waliokufa 6, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa umekwisha. Dunia ilitupongeza, na tulistahili. Ni mkoa uleule. Ni wahudumu walewale wa jamii, kwenye pikipiki zilezile, kwenye matope yaleyale. Basi kama tunaweza kumfuata mtu mwenye homa siku 21 mfululizo, tunashindwaje kumfuata mwanamke wa miaka 68 mwenye presha anayelala nje kwenye mvua? Hatushindwi. Hatujaona kwamba naye ni mgonjwa wa dharura, basi.

La tatu: serikali ilifanya kazi, shule ya sekondari ya Ihungo imejengwa upya na inapendeza. Ni kweli, nimeiona, nimefurahi. Na waliopatwa na maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 2023, walijengewa nyumba, jambo ambalo sisi wa Kagera hatukulipata, na ninawafurahia kwa dhati. Sheria ya maafa tulikuwa nayo tangu 2015, ikaja nyingine 2022, na kamati zake zinashuka hadi kijijini. Muundo upo. Ila hata Hanang hesabu iliyobaki midomoni mwa watu ni ile ya waliotolewa kwenye tope. Walioondokewa na kila kitu wakaishi kambini, walikufa wangapi mwaka uliofuata, na kwa nini?

La nne linatoka kwa mama yangu mzazi, kwa hiyo nalijibu kwa heshima: siku yake ilikuwa imefika, ni mapenzi ya Mungu. Mama, nami nasali. Lakini Mungu hakusema dawa za presha zibaki kabatini.

Na wa tano yupo, yule anayeniuliza kwa nini nifukue ya 2016. Ninafukua kwa sababu ardhi yetu haijahama kutoka Bonde la Ufa. Litakuja jingine, kama si Kagera ni Kigoma, Rukwa au Mbeya. Na litakapokuja, mganga mkuu wa wilaya atataka kujua watu wa kwetu hufa na nini wiki ya tatu, ya sita, ya kumi baada ya tetemeko, na tutamfungulia makabrasha ya Kobe yanayozungumzia sakafu za kumbi za michezo. Sisi hatulali kwenye kumbi za michezo. Tunalala kibanjani. Elimu hiyo ni yetu wenyewe, na haiko popote kwa sababu hatukuiandika.

Haijapotea lakini. Parokia zetu, za Kikatoliki na za Kilutheri, zinaandika mazishi: jina, umri, tarehe. Misikitini kuna masheikh wanaowakumbuka waliowaswalia. Wenyeviti wa vitongoji wanajua nani alikuwa analala wapi. Nimemwomba mdogo wangu aanze na parokia yetu, kuanzia Septemba 2016 hadi Machi 2017, kisha apite kwenye hizo kaya kuuliza mambo matano tu: marehemu alilala wapi baada ya tetemeko, kwa muda gani, alikuwa anatumia dawa gani, zilikatika lini, na aliugua nini. Paroko amekubali. Mwenye ndugu Missenyi, Muleba, Karagwe au Kyerwa afanye hivyohivyo kwenye parokia au msikiti wa kwao, na karatasi zikishapatikana tuzipeleke kwa mganga mkuu wa mkoa zikiwa pamoja, kabla wenyeviti wa vitongoji wa wakati ule hawajaanza nao kutuacha.