Upanga wa kumkata nani sasa?

Jamani, mchezoni watu wanaua zimwi kwa jasho, wanapewa upanga wa kichawi, halafu msimulizi anafunga daftari: "Haya, tumemaliza, asanteni kwa kuja." Upanga wa kumkata nani sasa? Au ni wa kumenyea ndizi za mtori?

Hiyo ilikuwa Jumamosi, Soweto ya Moshi, sebuleni kwa rafiki. Dungeons & Dragons, ule mchezo wa msimulizi kusimulia kisa, kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua; wachezaji wanne, kisa cha jioni moja. Msimulizi ana kipaji, sikatai. Alivyonguruma kama zimwi, mtoto wa mwenye nyumba alikimbilia jikoni. Ila kupima ugumu na malipo, hapo bado kabisa.

Kwa kanuni za mchezo za 2014, zimwi lile lina pointi 450 za uzoefu, zile mnazogawana mkiliua ili mpande levo. Kanuni hizo hizo zinasema kwa wachezaji wanne wa levo ya kwanza, pambano likifika pointi 400 ni la kufa mtu. Rungu lake likikupata linakata wastani wa pointi 13 za uhai. Mchawi wetu alikuwa na 7. Raundi ya kwanza tu, chini! Kazi yake ikawa kurusha dadu ya kupigania roho, zamu hadi zamu, huku anakula karanga.

Ugumu wenyewe nauvumilia, hatari ina raha yake. Kinachonichefua ni malipo. Kwenye mchezo wa miezi, upanga ni akiba, wiki ijayo unautumia. Sisi wiki ijayo hatuna. Mmoja wetu asubuhi yake alikuwa na basi la Dar. Pointi za uzoefu ndiyo usiseme: 450 gawanya kwa wanne, kila mtu anapata kama 112, na levo ya pili inataka 300. Dhahabu nayo? Mchezo ulipotoka 1974, sarafu moja ya dhahabu ilikuwa pointi moja ya uzoefu, kwa hiyo ilikuwa na maana kuibeba. Sisi tulibeba gunia zima na hakukuwa na hata duka la kuuza kamba.

Kisa kifupi kinatakiwa kilipe njiani, na malipo yatumike kabla pazia halijashuka. Kile kitendawili cha mlango kilikuwa kizuri, haya, nampa hiyo. Tukakitegua, tukafungua, ndani... utando wa buibui! Pale ndipo pa kuweka chupa ya dawa. Chupa moja ya kawaida inarudisha wastani wa pointi 7, yaani mchawi anasimama mzima na karanga anaziacha. Au weka mateka, mkimfungua anawanong'oneza zimwi linalala upande gani. Malipo ya namna hiyo yanapunguza ugumu palepale, na mchezaji anajua ameupunguza kwa akili yake.

Na anayeongea badala ya kupigana, naye apewe chake, si wenye mapanga tu.

Najua watakaosema zawadi ni hadithi yenyewe. Sawa, basi tumalizieni hiyo hadithi! Kijiji kilifanya nini zimwi lilipokufa? Walitupikia? Walitufukuza? Dakika tano za kusimulia hazigharimu hata sarafu. Sisi tulichoma ghala lao la mahindi tukimfukuza yule zimwi, na mpaka leo hatujui kama tumesamehewa.