Kabla hujasema Wachina wanawazidi watu wa Alsace, soma dodoso

Kila baada ya miezi michache jedwali lile lile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili tulioko Marekani. Asili za watu zimepangwa kama timu za ligi, kuanzia wenye kipato kikubwa hadi wenye kidogo, na chini yake maoni hayabadiliki: Wachina wana akili ya pesa, Wazungu wana urithi, sisi tunapenda starehe.

Mimi nasema jedwali hilo, kwa jinsi linavyosomwa, halipimi akili wala bidii ya mtu yeyote. Linaonyesha nani aliulizwa swali gani, aliingia nchi hii kwa mlango upi, na anaishi wapi. Nitachukua jozi moja tu, wenye asili ya Alsace, eneo la mashariki mwa Ufaransa linalopakana na Ujerumani, na wenye asili ya China, kwa sababu ndani ya jozi hii karibu makosa yote yanaonekana.

Takwimu zenyewe hutoka kwenye ACS, utafiti wa Ofisi ya Sensa ya Marekani ambao siku hizi hupeleka dodoso kwenye anwani zipatazo milioni 3.5 kwa mwaka. Humo kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la mbari, na hapo kuna kisanduku kilichochapishwa tayari kwa ajili ya Wachina. Mama aliyetoka mkoa wa Fujian, China, juzi na anaosha vyombo kwenye mgahawa New York anatia alama. Mhandisi wa Cupertino, mji wa kampuni za teknolojia California, anatia alama. Mjukuu wa vibarua waliojenga reli ya kuvuka bara, iliyokamilika mwaka 1869, naye anatia alama. Ni kazi ya sekunde moja, na wavu ule unawakusanya wote, dagaa na papa.

Swali la pili ni la asili. Hapo kuna nafasi tupu, uandike mwenyewe. Chini yake imetolewa mifano kadhaa: Mwitaliano, Mjamaika, Mnorwe, Mnaijeria, Mtaiwani na wengine. Alsace haimo. Ili mtu ahesabiwe kuwa wa Alsace ni lazima ajue kwamba babu wa babu yake alitoka huko, aone fahari ya kuliandika jina hilo, na aliandike mapema, kwa sababu Ofisi ya Sensa hurekodi asili mbili tu kwa kila mtu. Anayeandika "Mjerumani, Mwairishi, wa Alsace" anaweza kupotea hapo hapo.

Na sababu za kutoandika Alsace ni nyingi. Eneo hilo lilikuwa la Ufaransa, Ujerumani ikalichukua mwaka 1871, likarudi Ufaransa baada ya vita mwaka 1918, Hitler akalitwaa mwaka 1940, kisha likarudi tena Ufaransa vita ilipomalizika. Ndugu wawili wa kijiji kimoja, mmoja aliyepanda meli mwaka 1845 na mwingine mwaka 1885, wangeweza kuandikwa bandarini mmoja Mfaransa na mwingine Mjerumani, ilhali nyumbani wote walizungumza lahaja moja. Ndiyo maana katika sensa ya mwaka 2000 waliojitaja kuwa na asili ya Ujerumani walikuwa takriban milioni 42.8, asili ya Ufaransa takriban milioni 8.3, na asili ya Alsace hawakufika hata 16,000. Wazao wa Alsace hawakufa. Wako ndani ya zile milioni.

Hao wachache waliobaki kwenye mstari wa Alsace ni watu waliojichagua. Wengine ni wa Castroville, Texas, mji ulioanzishwa na Henri Castro mwaka 1844 magharibi ya San Antonio kwa kuleta familia kutoka Alsace. Huko kuna nyumba ya mbao ya karne ya 17 iliyofunguliwa kipande kwa kipande kijijini Wahlbach, ikavushwa bahari na kusimamishwa upya. Jamii inayofanya hivyo inaijua nasaba yake, na mtu anayeijua nasaba yake ya miaka 180 kwa kawaida ana karatasi, ana muda, mara nyingi ana elimu. Ukimlinganisha huyo na kila Mchina aliyetia alama kwenye kisanduku, umelinganisha wajumbe wa kamati ya harusi na kila aliyepita barabarani siku ya harusi.

Halafu njoo kwenye ukubwa wa sampuli, mahali ambapo wapenda ligi huumbuka. Wachina wa Marekani ni zaidi ya milioni 5. Wa Alsace chukua 10,000, ili hesabu iwe rahisi. Kwa mwaka mmoja ACS hugusa takriban anwani 1 kati ya 40, kwa hiyo watu 10,000 waliotawanyika wataguswa kama 250, na si wote watajibu. Wagawe hao kwenye kaya, unabaki na kaya kama 100 au pungufu. Kaya mbili za madaktari zikiingia au zikitoka, kipato cha "watu wa Alsace" kinatikisika. Kwa sababu hiyo wasifu kamili wa kila mwaka hutolewa kwa makundi yenye watu wasiopungua 65,000 tu. Makundi madogo, kuanzia watu 7,000, husubiri majedwali maalumu yanayokusanya data ya miaka mitano. Kwa hiyo kosa la kwanza la kuangalia ni hili: ukiona jedwali limeweka Alsace ya miaka mitano ubavuni mwa China ya mwaka mmoja, lifunge.

Ukipata yote mawili ya kipindi kimoja, usiangalie makadirio peke yake. Kila namba ina mwenzake pembeni yenye alama ya kujumlisha na kutoa. Hilo ni kosa la sampuli, na Ofisi ya Sensa hulikokotoa kwa uhakika wa asilimia 90. Njia ya kupima ni fupi. Toa kipato kimoja kwenye kingine upate tofauti. Kisha zidisha kila kosa kwa lenyewe, jumlisha majibu mawili, tafuta kipeo cha pili cha jumla hiyo. Tofauti ikiwa ndogo kuliko jibu hilo, huna haki ya kusema huyu anamzidi yule. Mfano wa kutunga: kundi dogo lina dola 90,000 na kosa la 9,000, kundi kubwa lina dola 85,000 na kosa la 800. Tofauti ni 5,000. Kipeo cha pili kinatoka takriban 9,035. Basi hakuna aliyeshinda. Ligi nzima ya asili ndogo ndogo imejaa mechi za namna hii zilizotangaziwa mabingwa.

Kuhusu kipato chenyewe, namba inayotajwa zaidi ni mediani ya kaya: zipange kaya zote kwa mstari, chukua ya katikati. Kwa Marekani nzima mwaka 2022 ilikuwa dola 74,755, na kaya za Wachina ziko juu ya mediani ya taifa. Hilo ni kweli. Lakini kaya ni paa moja. Chini ya paa moja wakiishi baba, mama, kijana anayefanya kazi na bibi mwenye pensheni, vipato vyote vinajumlishwa. Mjane wa Texas anayeishi peke yake katika nyumba iliyokwisha kulipiwa ni kaya nzima pia. Gawa kwa kichwa, picha inabadilika. Jambo jingine, kaya hupewa asili ya mtu mmoja tu, yule mwenye jina kwenye hati ya nyumba au mkataba wa kupanga anayejaza nafasi ya kwanza. Mume akiandika Alsace na mke akaandika Poland, kaya itaenda kwa aliyetangulia kwenye fomu.

Bado hujaweka gharama za maisha. Wachina wengi wako California na New York. California bei za jumla huzidi wastani wa taifa kwa zaidi ya asilimia 10, na kinachouma zaidi ni kodi ya nyumba. Texas iko chini kidogo ya wastani. Mstari rasmi wa umaskini haujali hayo: familia ya watu wanne yenye watoto wawili hupimwa kwa dola zile zile San Francisco na Castroville. Mtu anayehesabiwa "si maskini" San Francisco anaweza kuwa analala sebuleni kwa watu.

Na hapa ndipo sifa ya "Wachina wote wanazo" inapovunjika. Pamoja na mediani yao kubwa, umaskini wao haujawa mbali na ule wa taifa zima. Yaani kuna ncha mbili. Upande mmoja wenye shahada za uzamili na viza za kitaalamu. Upande mwingine wazee wasiojua Kiingereza wanaoishi kwenye vyumba vya Chinatown, yaani mitaa ya Wachina, na wafanyakazi wa migahawa wenye madeni ya safari. Katikati wamo wanafunzi: wanaokaa bweni hawaingii kwenye hesabu ya umaskini, ila aliyepanga chumba mtaani anaingia, na kwa kuwa kipato chake mwenyewe ni kidogo huonekana fukara, hata kama ada ya chuo inalipwa moja kwa moja kutoka Shanghai.

Zile shahada nazo zina historia. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina. Ilipofutwa mwaka 1943, nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 kwa mwaka. Mlango ulifunguka hasa kwa sheria ya 1965, iliyotanguliza ndugu wa raia na watu wenye ujuzi. Zaidi ya nusu ya Wachina walioko leo walizaliwa nje ya Marekani. Ukichuja watu wa nchi yenye zaidi ya bilioni moja kwa tundu la chuo kikuu, wanaopita watakuwa wasomi. Ungefanya hivyo Sumbawanga ungepata wasomi vilevile. Wa Alsace hawakuchujwa kwa shahada. Walipewa ardhi, wakalima, na wameishi Marekani vizazi sita au saba bila sheria ya kuwakataza kuingia wala kuwanyima uraia. Ukitaka kupima faida yao, usitazame mshahara wa mwaka huu, tazama mali. Na mali ndiyo ACS haiulizi: inauliza thamani ya nyumba na mkopo wake, lakini si akiba, si hisa, si deni la kadi.

ACS haipunguzi pia kwenye kipato pesa unazotuma nyumbani. Muuguzi wa Minnesota anayepeleka dola 600 kila mwezi Mbeya, kwenye fomu kipato chake ni kamili kama cha jirani asiyetuma hata senti.

Nyumbani mambo yako kinyume kabisa, na nadhani Tanzania imefanya vema. Sensa yetu haijauliza kabila tangu mwaka 1967, na ile ya 2022 iliyohesabu watu 61,741,120 haikuuliza. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulilinganisha mikoa, na haukuegemea kipato bali matumizi: mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Kwa nchi ambamo mkulima hana hati ya mshahara na anakula mahindi ya shambani kwake, kupima matumizi ni sahihi zaidi kuliko kumuuliza kipato. Kenya huuliza kabila na kuchapisha idadi, kama ilivyofanya mwaka 2019, bila kuweka mapato mbele ya kila jina. Ufaransa, ambako Alsace yenyewe iko, haikusanyi takwimu za mbari. Baraza lake la Katiba lilisisitiza mpaka huo mwaka 2007. Kwa hiyo swali la Alsace na China ambalo Mmarekani hulijibu kwa kubofya mara tatu, ofisa wa takwimu wa Strasbourg, mji mkuu wa Alsace, huishia kuulizia mambo kama nchi ya kuzaliwa ya mtu na ya wazazi wake.

Sidai kwamba ukimya huo umetuponya. Ligi ya makabila ipo vijiweni kwetu, bila namba. Tunasema Wachaga wamezaliwa na biashara, na hatusemi kahawa, udongo wa mlimani, shule za misheni, wala chama cha wakulima wazalendo cha 1925 kilichofuatwa na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1933. Ni kosa lile lile la kumtazama Mchina wa Cupertino ukasahau viza. Tofauti ni kwamba porojo ya kijiweni mtu anaweza kuibishia. Jedwali lenye desimali watu hulipokea kama matokeo ya maabara. Ndiyo sababu linanikera zaidi.

Ukiwa huku na dodoso likaja mlangoni, kujibu ni wajibu wa kisheria, basi jaza ukijua linakoishia. Kwenye jedwali la ACS la asili, lenye namba B04006, Wakenya, Waganda na Wasomali wana mistari yao. Watanzania hawana, huingia kwenye "wengine" wa kusini mwa Sahara. Anayeandika "African" anakwenda kwenye mstari wa "African", pamoja na Wamarekani weusi waliochagua neno hilo. Kiswahili kipo kwenye jedwali la lugha, lakini kimefungwa furushi moja na lugha nyingine za Afrika ya kati, mashariki na kusini. Andika nchi yako kwa herufi zinazosomeka, iwe ya kwanza au ya pili, na uwaandikie hivyo hivyo watoto waliozaliwa huku, kwa maana swali huulizwa kwa kila aliyemo ndani ya nyumba, na la mtoto mchanga unalijibu wewe.