Marekani Paka Analipiwa Kodi, Bongo Wanahesabiwa Watoto

Ndugu zangu wa nyumbani wakisikia kwamba Marekani mtu huandikiwa barua na daktari ili aishi na paka wake, wanaangua kicheko. Nawaelewa. Kwetu Tanga paka haombewi ruhusa. Anafuata harufu ya dagaa, akipapenda anakaa. Mbwa ni habari nyingine, kwa sisi tuliolelewa kuosha mara saba alipogusa kwa mate yake, na wa kulala naye kitandani sijamzoea mpaka leo. Lakini kwa miaka niliyobeba boksi hapa Ohio, nimeona sheria ya barua hizo inachekwa na watu wasioijua.

Kwanza mjue mikataba ya kupanga ya huku. Ndani yake kuna ukurasa mzima wa wanyama: dipoziti yao, kodi yao ya kila mwezi, uzito wa mwisho, na aina za mbwa wasiotakiwa, mara nyingi pit bull akiongoza orodha. Nyumba nyingine hazitaki mnyama kabisa.

Hapo ndipo inapoingia sheria ya makazi ya mwaka 1968, iliyorekebishwa mwaka 1988 ili iwalinde pia watu wenye ulemavu. Ulemavu si wa magongo tu. Sonona imo, na kiwewe cha askari aliyetoka vitani kimo, mradi kimzuie mtu kwa kiasi kikubwa kulala, kufanya kazi au kujihudumia. Mnyama wake akimpunguzia hali hiyo, mwenye nyumba hutakiwa kulegeza kanuni, na dipoziti na kodi ya mnyama vinafutwa. Mnyama akitafuna zulia, mpangaji analipa. Akiwa wa kuuma watu, anaweza kukataliwa.

Mnyama wa namna hii, anayeitwa mnyama wa faraja, hahitaji mafunzo, na serikali kuu haina daftari la kumwandikisha. Ulemavu usipoonekana kwa macho, kinachotakiwa kwa kawaida ni barua ya mtaalamu wa afya mwenye leseni anayemjua mgonjwa, ikisema kwamba hali yake inamzuia na mnyama anamsaidia. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe. Mama mmoja jirani yangu, mjane, alinionesha yake: mistari michache, sahihi ya wino wa buluu, na kona iliyokwaruzwa na paka mwenyewe.

Wajanja nao hawakukosa. Mtandaoni wanauza vyeti na vizibao vya kumtambulisha mbwa kuwa wa faraja, unajibu maswali mawili matatu, unalipa, umemaliza. Hawa ndio wanaowaharibia wagonjwa wa kweli. California iliamua kuwabana: tangu 2022 mtaalamu lazima awe amemhudumia mtu angalau siku 30 kabla ya kumwandikia barua ya mbwa wa faraja. Kwenye ndege mambo yalifika mpaka tausi. Mwaka 2018 abiria mmoja alizuiwa naye uwanja wa ndege wa Newark. Tangu Januari 2021 mashirika ya ndege yanaruhusiwa kumhesabu mnyama wa faraja kama mnyama mwingine yeyote wa kufugwa. Hotelini mnakokula nako hana haki ya kuingia. Huko sheria inamtambua mbwa aliyefundishwa kazi maalumu, kama kumwongoza asiyeona.

Sasa turudi Dar. Dalali wa Sinza hakuulizi paka. Anauliza, "Una watoto wangapi?" Ukisema wanne, chumba kimeshapata mtu. Nawajua wazazi waliohamia na mtoto mmoja, wengine wakaachwa kwa bibi mpaka mwenye nyumba awazoee. Huku Marekani swali hilo linaweza kumponza anayeliuliza, kwa sababu marekebisho yale yale ya 1988 yalikataza kumnyima mtu nyumba kwa ajili ya watoto, isipokuwa kwenye majengo ya wazee.

Mtaniambia kwetu mgonjwa ana majirani, hana haja ya paka. Kweli, majirani tunao, na uji wataleta. Ila mwenye nyumba akisema toka, jirani hana la kumwambia, na kodi ya miezi sita umeshampa mkononi. Mimi sidai Bunge la Dodoma likae kujadili paka. Waanze na dalali na swali lake la watoto.