Monaco 1996: Ushindi wa Panis ulikuwa wa bahati kiasi gani?

Tarehe 19 Mei 1996, magari 21 ya Langalanga (Formula 1) yaliondoka kwenye mstari wa kuanzia mjini Monaco, na saa mbili baadaye ni matatu tu yaliyovuka mstari wa mwisho. La mbele lilikuwa la Olivier Panis, Mfaransa aliyeanzia nafasi ya 14 akiendesha Ligier yenye injini ya Mugen-Honda. La pili lilikuwa la David Coulthard wa McLaren, na la tatu la Johnny Herbert wa Sauber. Heinz-Harald Frentzen aliyeshika nafasi ya nne alikwisha kuingia piti, yaani sehemu ya kando ya barabara ambako magari huhudumiwa, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya nafasi hiyo. Mika Salo na Mika Häkkinen walihesabiwa wa tano na wa sita na kupewa pointi zao, ingawa magari yao yalikuwa yamegongana na kukwama mizunguko michache kabla ya mwisho. Shindano linalogawa pointi kwa magari yaliyovunjika linastahili kuulizwa maswali, na swali lililodumu zaidi ni hili: je, Panis alishinda, au aliachiwa?

Wanaosema aliachiwa wana ushahidi mzito. Michael Schumacher wa Ferrari, aliyeanzia nafasi ya kwanza, aligonga ukuta katika mzunguko wa kwanza kabisa. Damon Hill wa Williams, aliyemtangulia Schumacher tangu kuondoka, alijenga pengo kubwa na kuonekana kuwa mshindi hadi injini yake ya Renault ilipokufa katika mzunguko wa 40. Uongozi ukaenda kwa Jean Alesi wa Benetton, ambaye naye alikuwa mbali sana mbele ya Panis mpaka springi za nyuma zilipomwangusha mnamo mzunguko wa 60. Panis hakumpita hata mmoja kati ya hao watatu kwa kushindana naye barabarani. Ikiwa kushinda ni kuwa na kasi kuliko wengine wote siku hiyo, basi siku hiyo ilikuwa ya Hill, na baada yake ya Alesi, aliyeweka pia muda bora wa mzunguko katika mbio hizo. Hakuna hila wala mkakati wa Ligier ulioweza kuivunja injini ya Williams.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inaanza kusimulia mbio kuanzia mzunguko wa 40, na hapo ndipo kasoro yake ilipo. Hill alipozimika, aliyefuata nyuma ya Alesi alikuwa Panis. Madereva waliokuwa na magari bora kuliko yake, Coulthard na Jacques Villeneuve wakiwamo, walikuwa nyuma yake, ingawa wote wawili walianza mbele yake. Kwa hiyo kinachohitaji kuelezwa kwanza ni namna mtu wa 14 alivyofika kuwa wa tatu, kwenye barabara ya mjini yenye urefu wa kilomita tatu na ushei, ambako kumpita mwenzako hata barabara ikiwa kavu ni kazi ngumu.

Ifahamike kwanza kwamba nafasi ya 14 haikuwa kipimo sahihi cha gari lile. Panis alipata hitilafu katika mbio za kupanga nafasi siku ya Jumamosi, na Jumapili asubuhi, katika zoezi la kupasha moto, ndiye aliyekuwa na muda bora kuliko wote. Kisha mvua ikanyesha kabla ya mbio kuanza, na hesabu zote zikabadilika.

Katika hali ya namna hiyo, uamuzi wa matairi ndio unaobeba mbio nzima. Matairi ya mvua yana mifereji ya kukamua maji, lakini barabara inapoanza kukauka hupata joto kupita kiasi, yakalika na kumfanya dereva apoteze sekunde kadhaa kwa kila mzunguko. Matairi ya ukavu, yasiyo na mifereji, yana kasi zaidi, ila barabara hukauka kwanza kwenye ukanda mwembamba tu, na anayetoka nje ya ukanda huo Monaco hana uwanja wa nyasi wa kumpokea. Anakutana na chuma. Jos Verstappen wa Footwork aliamua kuanza na matairi ya ukavu wakati barabara ingali imelowa, na mbio zake ziliishia kwenye kona ya kwanza. Nimemtaja kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi tunausifu uamuzi wa piti uliofanikiwa kana kwamba ujasiri peke yake unatosha. Verstappen alikuwa na ujasiri kuliko wote. Alichokosa ni kusubiri.

Panis alisubiri. Kwanza alipanda taratibu, akawapita Häkkinen na Herbert barabarani wakati kila mtu angali kwenye matairi ya mvua. Ilipokaribia mizunguko 28, kipindi kile kile Hill naye alipoingia piti, Ligier walimwita wakamfungia matairi ya ukavu, naye akawa miongoni mwa wa mwanzo kufanya hivyo. Waliochelewa mizunguko michache zaidi waliendelea kuteleza juu ya mpira uliokwisha kulika, na walipotoka piti walimkuta Panis amekwisha kupita. Hiyo ndiyo faida ya piti inayofanywa kwa wakati wake: magari ambayo usingeyapita barabarani kwa saa nzima unayapita yakiwa yamesimama.

Mbele yake akabaki Eddie Irvine wa Ferrari, aliyekuwa mwepesi wa kuziba njia na mzito wa mwendo. Hapa kuna ulinganisho unaofaa kuliko ule wa Hill. Frentzen alikuwa amekutana na kikwazo hicho hicho mapema zaidi. Alikosa subira, akamgonga Irvine na kuvunja pua ya gari lake mwenyewe, na muda alioupoteza kwa kubadilisha pua hakuurudisha tena. Panis alijipenyeza ndani kwenye kona ya Loews, iliyo ya polepole kuliko zote, magari yakagusana, Irvine akabanwa ukutani na Panis akaendelea. Je, ilikuwa halali? Hakuadhibiwa. Kwa jinsi waamuzi wa siku hizi wanavyozipima picha za kila mgusano, nadhani angeitwa ofisini na huenda angeondoka na adhabu ya sekunde. Wanaoushuku ushindi wake wangefanya vizuri kuisimamia hoja hii kuliko ile ya injini ya Hill, kwa maana hapa mkono wa Panis mwenyewe ulihusika.

Tukiwahesabu madereva 13 waliokuwa mbele yake mwanzoni, picha inakuwa wazi zaidi. Wanne walikuwa wameishia njiani kabla mizunguko kumi haijatimia: Schumacher, Verstappen na Rubens Barrichello kwa makosa yao wenyewe, na Gerhard Berger kwa giaboksi. Frentzen alijivunjia pua. Häkkinen na Herbert walipitwa barabarani. Coulthard, Villeneuve na Salo walipotezwa na muda wa piti. Irvine alisukumwa kando. Wanabaki wawili, Hill na Alesi, na hao kweli waliondolewa na vyuma vyao wala si na Panis. Mimi siwezi kuliita bahati jambo la dereva kubaki barabarani wakati bingwa wa dunia, mwenye gari bora kuliko lake, anagonga ukuta katika mvua ile ile. Kosa la dereva ni sehemu ya ushindani. Injini inapokufa ndipo neno bahati linapostahili, na kwa Panis lilistahili mara mbili, katika hatua mbili za mwisho na zilizo kubwa kuliko zote.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Katika Safari Rally ya 1963, magari 84 yalianza na saba yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza saba vilevile. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiwa na Peugeot 404, na sijawahi kusikia mtu akisema walipewa ushindi na tope. Hata hivyo, mfano huo usivutwe kupita mipaka yake. Safari ilikuwa shindano la kudumu tangu mwanzo, na aliyechagua gari gumu badala ya gari la kasi alikuwa amechagua mkakati. Ligier hawakuja Monaco kudumu kuliko Williams. Walikuja na kile walichokuwa nacho. Timu hiyo haikuwa imeshinda tangu Jacques Laffite aliposhinda Canada mwaka 1981, na baada ya siku ile haikushinda tena.

Kuna uamuzi mmoja zaidi, na huo ndio unaonishawishi. Mbio zikielekea ukingoni, timu ilikuwa na wasiwasi wa mafuta na kumtaka Panis aingie piti aongezewe. Yeye ameeleza baadaye kwamba alikataa, akachagua kupunguza matumizi huku Coulthard akimkaribia. Kwa mwendo wa barabara iliyolowa, kikomo cha saa mbili, ambacho mbio haziruhusiwi kukipita, kilifika wakati mizunguko 75 tu imekamilika kati ya 78 iliyopangwa, na mizunguko mitatu ni mafuta yasiyo haba kwa tangi lililokuwa likielekea ukavu. Hata hapa, basi, bahati na uamuzi vimefungamana, lakini saa ingekuwa na faida kwake tu ikiwa angekubali kubaki barabarani. Alimaliza mbele kwa sekunde zisizofikia tano. Piti moja Monaco hugharimu muda mwingi kuliko huo, na angewatii waliomwita, mshindi angekuwa Coulthard, aliyeendesha siku ile akiwa amevaa helmeti ya kuazima kwa Schumacher kwa sababu yake ilikuwa ikijaa ukungu.