Mwenye Ploti na Zile Bastola Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi mlango ukagongwa, na mgongo wangu ukajua ni nani kabla ya masikio. Kuna ugongaji wa jirani anayetaka kiberiti, kuna wa mtoto aliyepoteza mpira, halafu kuna ule wa tarehe nane. Mama Brayo akanifinya chini ya blanketi, maana yake: kohoa. Nikakohoa. Sauti ikapitia dirishani, tamu kama ya mtu aliyeokoka jana usiku.

"Fundi, pole na kifua. Vaa shati twende taoni kidogo. Leo sikujia kodi."

Wewe unayelala kwa ploti unajua. Mwenye nyumba akikuambia hakujia kodi, shika ukuta.

Nilikuwa na maneno yangu tayari: mteja hajalipa, shule zimefunguliwa, mama amelazwa. (Mama amelazwa mara nne mwaka huu. Saa hii yuko shambani anapalilia mahindi.) Yote yakabaki mdomoni, kwa sababu mzee alikuwa anataka kununua bastola, na mtu anayetaka amchagulie ni mimi.

Mimi. Ninayedaiwa miezi miwili.

Kosa ni langu. Mimi ni fundi wa cherehani, kibanda changu kiko Kariokor, na mwaka jana niliifufua Singer nyeusi ya mke wake, ile ya kukanyaga, iliyokuwa imewashinda mafundi wawili. Tangu siku hiyo mzee anaamini hakuna chuma duniani kinachonishinda. Ameshaniletea jiko la stovu, saa ya ukutani na, Jumapili moja baada ya ibada, meno ya bandia ya shemeji yake. "Chuma ni chuma, Fundi." Nikamwambia meno si chuma. Akasema nijaribu tu.

Leseni anayo, hapo sina neno. Kwa sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, huamki tu ukanunua bastola kama unavyonunua viazi. Kuna bodi, kuna cheti cha tabia njema, na karatasi yenyewe haikai milele, unarudi kuihuisha. Mwaka wa 2019 wenye silaha waliitwa upya wakahojiwa mmoja mmoja, na mzee akapita. Jioni hiyo aliionyesha ploti nzima kadi yake kama mtoto aliyefaulu mtihani wa taifa, na mwezi uliofuata akapandisha kodi kwa mia tano. Sijui kwa nini watu hawahojiwi pia kabla ya kupandisha kodi.

Tukaingia kwa Peugeot 504 yake, ambayo mlango wangu hufungwa kwa kamba. Foleni sitaieleza. Kufika taoni, pesa ya maegesho ikalipwa na simu yangu kwa sababu yake "imezima", na ile simu iliyozima ikalia dakika mbili baadaye ndani ya koti. Nikasema basi tukate kwa kodi. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

Duka lenyewe hungelijua. Ngazi, mlango wa chuma, mlango mwingine wa chuma, kitambulisho unaacha, mfukoni unapekuliwa. Walinitoa bisibisi, koleo ndogo na chupa ya mafuta ya cherehani, wakaniangalia kama nilikuja kufungua benki. Nyuma ya kaunta yuko dada mmoja wa miwani, mpole, sauti ya chini, macho hayatoki kwa vidole vya mtu. Akatandika kitambaa cha kijani, akatoa bastola mbili kuukuu, zote za mzunguko, akazifungua moja moja tuone hazina kitu ndani. Nikanyoosha mkono, kwa sababu mkono wa fundi hausubiri ruhusa.

"Bosi. Mikono."

Kumbe mimi sina leseni, sigusi. Nisimame hatua moja nyuma, niangalie. Mikono ikaenda mgongoni, nikawa kama mwanafunzi anayengoja kiboko kwa mwalimu mkuu. Hebu fikiria: umeitwa kuchagua embe, na embe huruhusiwi kulibonyeza.

Ya kwanza ilikuwa kitu kikubwa. Webley ya Uingereza, Mark VI, ule muundo uliopokelewa na jeshi lao 1915, na kwenye chuma chake mwaka umegongwa: 1917. Ukiwa na mzigo kamili ni zaidi ya kilo moja mkononi. Chini ya mpini ina pete ya kufungia kamba, ili ofisa akianguka kwenye matope bastola isipotee. Dada akabonyeza kidole gumba pembeni, mtutu ukainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji, na kile kinyota cha katikati kikajisukuma nje kutupa maganda yote sita kwa mpigo. Nilisahau kodi. Nilisahau Mama Brayo. Mtu aliyebuni kile kitu alikuwa fundi, mengine tutaulizana kwa Mungu.

Halafu nikakumbuka vita hiyo ya 1917, ile Vita ya Kwanza ya Dunia. Jina la Kariokor, pale nilipo na kibanda, limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo. Mwingine alipewa Webley yenye pete ili isipotee, babu zetu wakapewa sanduku kichwani, na wao wakipotea hakuna aliyekuwa amefunga kamba. Nikataka kumwambia mzee hayo, nikaona anachungulia mtutu kwa jicho moja kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya bomba.

"Mzee," dada akasema, "tusichungulie upande huo."

Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, nyeusi, haina majivuno. Smith & Wesson ya Marekani. Silinda yake haiinami, inachomoka kwa ubavu wa kushoto, na ukishaitoa unaona ndani ya fremu wamegonga "MOD. 10". Muundo wenyewe ulianza 1899 kwa jina lingine, hiyo namba ya 10 ikaja 1957. Dada akasema ni ya .38. Nikauliza hiyo .38 ni nini. Sehemu ya inchi, akasema. Lakini risasi yenyewe ukiipima unene unapata .357 hivi, jina lilitokana na vipimo vya zamani vya ganda la nje, likabaki hivyo hivyo.

Hapo nikaelewa jambo lililonisumbua miaka sita. Chumba changu kinaitwa kumi kwa kumi. Nimekipima kwa futi ya ushonaji, mara tatu, mara moja Mama Brayo akinishikia upande wa pili: ni tisa kasoro. Kumbe walipima ganda.

"Fundi, niambie. Nichukue gani?"

Sasa nisikilize vizuri. Wewe ungekuwa mimi, ungetaka mwenye nyumba wako awe na ipi? Nikauliza, kwa heshima zote, habari ya risasi. Dada akasema za .38 hazina shida. Za ile kubwa, .455, hapo dukani hakuna, lazima ziagizwe, na zikija zitakuja kwa bei yake.

Moyo wangu ukaimba. Bastola isiyo na risasi! Ya kuning'iniza ukutani kama picha ya harusi! Nikafungua mdomo na sijui yale maneno yalitoka wapi. Nikasema mzee, mtu wa heshima yako hawezi kutembea na kitu kidogo cha polisi wa sinema. Nikasema hii nyingine inaonyesha umri, inaonyesha uzito, mtu akiiona tu anatubu. Nikasema chuma cha siku hizi ni bati. (Hiyo Smith & Wesson pengine imenizidi umri.) Mzee akaanza kutingisha kichwa polepole. Akaomba aijaribu nyundo. Dada akakagua tena, akamkabidhi, akamwonyesha mahali pa kuelekeza mtutu, mbali na watu, yaani mbali na kifungo cha pili cha shati langu, ambako ulikuwa umeelekea wenyewe.

Akavuta nyundo taratibu na dole gumba. Mimi macho sikuhitaji, masikio yalitosha. Bastola ya namna hii ni cherehani. Ndani kuna kidole cha chuma kinachosukuma silinda, na chini kuna komeo linaloikamata. Nyundo ikifika mwisho, tundu liwe limeshasimama sawasawa nyuma ya mtutu na komeo limeshaingia. Ni kama sindano na kile kindoana cha chini: kimoja kikichelewa, mshono unaruka, isipokuwa hapa kinachoruka ni uso wako. Tundu la kwanza, tik-tak, limefunga. La pili, limefunga. La tatu. La nne nyundo ikafika juu, ikasimama, na silinda ilikuwa bado njiani.

Nyamaza, nikajiambia. Wewe ni baba wa watoto watatu. Nyamaza.

La tano, zuri. La sita, zuri. Mzee akarudia mzunguko. La kwanza, la pili, la tatu...

"Hapo! Haijafika! Kidole kimelika!"

Ni mimi. Ni huu mdomo. Ningeweza kudanganya mke, pasta na mwenye nyumba, lakini chuma kikikosa taimingi mbele yangu siwezi, ni kama kuona mtu amevaa sweta ndani nje. Dada akaichukua, akairudia polepole mwenyewe, akaniangalia juu ya miwani. Akauliza kama nimewahi kufanya hii kazi.

"Huyu ni mpangaji wangu," mzee akajibu, kifua mbele, kama mtu aliyeninunua mnadani.

Ile ndogo ikajaribiwa. Sita kwa sita, safi, silinda ikizunguka kwenda kushoto bila kunung'unika. Ukiitikisa ikiwa imefunga, haichezi. Ndani ya mtutu mistari inang'aa. Sikuwa na la kusema. Bei ikatajwa, nikaanza kuihesabu kwa miezi ya kodi yangu, nikafika kumi na minane nikaacha.

Na hapo ndipo damu ilinipanda. Kwa sababu anataka bastola ya nini? "Usalama wa ploti, Fundi." Usalama! Kitasa cha geti letu kimevunjika tangu Januari! Tunafunga na waya! Kila usiku saa nne anayeingia mwisho anasokota waya kama anayefunga kuku wa Krismasi, na anayetoka alfajiri anausokotoa gizani kwa sababu balbu ya kule nje nayo iliungua tukaambiwa tuchange. Kitasa ni mia nane! Mia nane na mimi nakipachika bure, nimemwambia, keateka amemwambia, hata mwizi aliyekuja Machi akaondoka na mtungi wa gesi alimwambia kwa njia yake! Mtu anaacha kitasa cha mia nane, anapanda ngazi, anapita milango miwili ya chuma yenye vitasa vizuri sana, vya maana, nimeviangalia, kwenda kununua...

"Fundi," mzee akanikatiza. Kumbe nilikuwa nayasema kwa sauti. Dada alikuwa anasugua miwani yake ambayo haikuwa chafu.

Mzee akatoa bahasha, akahesabu, akalamba kidole, akahesabu tena. Zilipungua.

"Elfu kumi na tatu," akasema. Akageuka. "Fundi, kwani mimi na wewe tuko ngapi?"

Sita na nusu mara mbili. Hata Brayo wa darasa la tatu anaijua.

"Kumi na tatu, mzee."

"Basi tuko sawa kabisa." Akamwambia dada amwekee hadi mwisho wa mwezi.

Kurudi alininunulia chai na nusu ya mandazi. Nusu. Ile nyingine aliikunja kwa karatasi akasema ni ya mama watoto wake. Tulipofika alipiga honi getini, nikashuka kusokotoa waya, ukanichoma kidole gumba, na mzee akanitolea kichwa dirishani akaniambia waya huo umechoka, nitafute mwingine.

Ndani nikakuta watu. Mama Brayo, kwa ile akili yake ya dharura, alikuwa amemwambia muuza mboga kwamba nimetolewa nyumbani na gari alfajiri nikikohoa. Muuza mboga akaambia ploti. Wakati mimi nasikiliza silinda, mchango ulikuwa umefika elfu moja na mia mbili, na jirani wa chumba cha saba, mama ambaye mara ya mwisho kunisalimia ni Pasaka, alikuwa kitandani kwangu na sufuria ya tangawizi na vitunguu saumu. Nikataka kueleza. Mama Brayo akanifinya.

Nikalala, nikafunikwa blanketi, nikapewa kikombe. Mtu akauliza gari lilikuwa la hospitali gani. Mwingine akasema aliliona, lilikuwa 504. Ile dawa ilikuwa kali kuliko .455, na nilipomeza ikapita njia ya pembeni, nikakohoa kweli mpaka wale waliokuwa mlangoni wakaongeza mia mia.